Bi Nafasi na Pistoni za Kisulisuli

Saa mbili asubuhi, mlango wa karakana uko nusu wazi, na Bi Nafasi ameinama juu ya meza kama mtu anayemnywesha mgonjwa dawa. Mkononi ana bomba la sindano, lile la kawaida la duka la dawa, ila halina sindano. Ndani yake kuna mafuta ya taa aliyoyatia rangi nyekundu.

Mbele yake hedi, yaani kifuniko cha juu cha injini, imelazwa chali, vijichumba vyake vinne vimetazama juu. Juu ya cha kwanza amebandika, kwa grisi, kipande cha plastiki angavu chenye tundu dogo. Anabonyeza bomba taratibu. Uwekundu unatambaa chini ya plastiki, unaisukuma hewa, unabakiza povu moja linalokataa kutoka.

"Usiniongeleshe kwanza," anamwambia mwandishi bila kuinua kichwa. "Nikikosea tone hapa, nitakosea mpaka mwisho."

Anaigonga hedi kwa ukucha. Povu linasogea, linasita, linatoka. Ndipo anaponyoosha mgongo, anavua miwani iliyofungwa kwa kamba ya kiatu, na kucheka kidogo. "Sasa karibu. Ulisema unataka kujua nini?"

Ana umri wa miaka arobaini na moja. Jina lake la kuzaliwa linatumiwa na mama yake na watu wa benki tu. Wengine wote humwita Bi Nafasi, kwa sababu ya neno lisilomtoka mdomoni. Ringi, pete ya chuma inayovalishwa pistoni, inataka nafasi ya kutanuka. Pistoni inataka nafasi ndani ya silinda. Mteja anayekuja na haraka zake naye huambiwa atoe nafasi watu wafanye kazi.

Karakana yenyewe ni chumba cha mbele cha nyumba ya mama yake, chumba ambacho zamani kilikuwa sebule. Ukutani bado kuna alama za mahali palipotundikwa picha. Mkate wa nyumba hii unatoka kwenye teksi zinazokunywa oili, pampu za maji na jenereta za maduka. Mwezi ukimkalia vizuri, Bi Nafasi hufumua na kuunga upya injini nne.

Hii iliyoko mezani leo haimo katika hesabu hiyo. Hii ni ya kaka yake.

Kaka huyo anamzidi miaka mitatu, na waliowahi kumwona akiendesha wanamjua kwa jina la Kisulisuli. Yuko nchi ya mbali yenye baridi kali, anaendesha winchi za kupakulia makontena bandarini. Aliondoka kwa mkataba wa mwaka mmoja. Huu ni mwaka wa tisa.

Gari lake, dogo, la milango miwili, bluu iliyopauka, limebaki uani chini ya turubai. Mama yao hulipita kila siku akienda kuanika nguo, na amelipa cheo. Analiita mkwe.

"Mwanangu hakuoa, akaniachia hili," anasema mama, akilipiga kofi turubai. "Halipiki, halifui, na uwanja limeumaliza. Lakini nifanyeje? Nikimkosa yeye, namwangalia huyu."

Kaka na dada hawa walikulia ndani ya oili. Baba yao alikuwa fundi wa magari ya mizigo, na shule ikifungwa wote wawili walishinda naye chini ya lori. Mapema kabisa kila mmoja alionyesha upande wake. Msichana alipenda kujua kitu kinafanyaje kazi. Mvulana alipenda kukipeleka kasi mpaka kionyeshe mwisho wake.

"Baba alikuwa akisema ametuzaa nusu nusu," anakumbuka Bi Nafasi. "Mimi nijenge, yeye aendeshe. Tukigombana, hakuna gari linalotoka hapa."

Walipokuwa vijana walianza kwenda kwenye mashindano ya mwendo mfupi, yanayofanyika mara mbili kwa mwaka kwenye kiwanja cha ndege kilichoachwa. Magari mawili husimama sambamba, taa inawaka, na aliyefika wa kwanza ameshinda. Yote huisha kabla mtazamaji hajameza mate. Kwa miaka kadhaa gari la bluu lilishinda mara nyingi kuliko lilivyoshindwa, na siri yake ilikuwa mtungi mdogo uliofungwa nyuma ya kiti cha dereva.

Ndani ya mtungi huo kuna gesi ya naitrasi. Dereva akibonyeza kitufe, gesi hupulizwa ndani ya injini pamoja na petroli ya ziada. Ikikutana na joto inaachia oksijeni, moto unakuwa mkubwa kuliko injini ilivyozoea, na gari linachomoka kama limepigwa teke.

"Raha yake haielezeki," anasema Bi Nafasi. "Ila moto ule lazima uangukie mahali. Unaangukia kichwani kwa pistoni."

Miaka tisa iliyopita, katika raundi ya mwisho, moto uliangukia hapo. Injini ilikuwa na pistoni zake za kiwandani, zile za kusubu, zilizomiminwa kwenye kalibu kama keki. Hizo ndizo zilizokuwa zikipatikana, na kwa miaka yote hiyo zilikuwa zimevumilia. Kisulisuli alikuwa mbele. Bi Nafasi, aliyesimama pembeni ya njia, alisikia mlio mkavu, kama mtu anayetikisa misumari ndani ya kopo. Halafu moshi.

Walipoifungua injini nyumbani, walikuta pistoni ya tatu imeyeyuka ukingoni. Pale palipokuwa na ringi palibaki pengo la kuingiza kidole. Kaka yake alikiingiza kidole kwenye pengo hilo, akakitazama, akasema wataijenga tena. Baba yao alikuwa amefariki mwaka uleule, na kazi ya bandarini ilikuwa imeshapatikana. Wiki iliyofuata alipanda ndege.

"Alinikabidhi funguo pale getini," anasema dada mtu. "Akaniambia, 'Usimpe mtu.' Mimi nikamwambia, 'Nani alitake gari bovu?' Tukacheka. Sikujua kwamba ndiyo tunaagana, ningesema kitu cha maana."

Mapema mwaka huu Kisulisuli alipiga simu akiwa na habari. Ameomba likizo na amekubaliwa. Atakuwa nyumbani kwa majuma mawili, na majuma hayo yanaangukia kwenye mashindano. Anataka gari liwe tayari.

Baada ya muda ukafika mzigo kutoka kwake. Ndani yake, kila moja kwenye mfuko wake, zilikuwemo pistoni nne mpya: za kufuliwa, yaani aluminiamu yake imegandamizwa kwa nyundo ya mtambo mpaka ikashikamana, si ya kumiminwa. Mama aliziona akadhani ni vikombe vya kunywea.

"Zilikuwa nzuri mpaka nikaona haya kuzishika na mikono yenye oili," anasema Bi Nafasi. "Nikaenda kunawa kwanza."

Lakini zilikuwa na vichwa. Kila moja ilikuwa na kinundu juu, kama kilima kidogo, na kilima hicho ndicho kilichomkosesha raha.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kufungua injini, jambo lenyewe si gumu. Pistoni ikishuka, silinda inameza hewa na petroli. Ikipanda, inaviminya vyote ndani ya kijichumba cha juu, kile anachokijaza Bi Nafasi kwa mafuta mekundu. Ukilinganisha nafasi iliyokuwepo mwanzo na iliyobaki mwisho, unapata kile ambacho vitabu hukiita uwiano wa mgandamizo na mafundi hukiita kompresheni. Kumi kwa moja maana yake ni kwamba kilichojaza vikombe kumi sasa kimebanwa ndani ya kikombe kimoja.

Ukibana zaidi unapata nguvu zaidi, hata bila gesi. Ukibana kupita kiasi, petroli inalipuka yenyewe kabla ya wakati wake, na injini inaanza kugonga. Weka naitrasi juu ya hapo, na kugonga kwa kitambo kidogo tu kunatosha kuyeyusha pistoni.

Kilima kinakula nafasi ya kijichumba. Bi Nafasi alipima, akapiga hesabu, akapima tena. Pistoni za kaka yake zingeipa injini kompresheni ya kumi na mbili na nusu kwa moja. Kwa petroli maalumu ya mashindano, hilo linawezekana. Hapa anapoishi kuna petroli ya pampu tu, ileile inayotiwa kwenye teksi.

Alimpigia simu. Mazungumzo hayo anayasimulia neno kwa neno, na mama yake, aliyekuwa ameketi mlangoni, anamsahihisha anapopunguza.

"Umeziona?" aliuliza Kisulisuli.

"Nimeziona, Kaka. Nzuri."

"Nzuri tu?"

"Nzuri sana. Ila zina vichwa vikubwa."

"Kama mwenyewe."

"Sitanii. Na gesi, na petroli yetu hii, zitayeyuka kama zile."

"Hizi si za kusubu. Hizi zimefuliwa. Zinavumilia."

"Zinavumilia zaidi, sikatai. Lakini kuvumilia kuna mwisho wake. Wewe unataka gari likimbie mara ngapi?"

Nyuma ya kaka yake zilisikika honi za mitambo.

"Mara moja," alisema. "Mara moja vizuri, halafu basi."

"Halafu?"

"Halafu nina ndege ya kurudi, mdogo wangu. Unajua hivyo."

Bi Nafasi anasema alikuwa anajua, na bado alijisikia kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo. Kwa miezi yote ile alikuwa ameijenga kichwani injini ya mtu anayerudi. Kaka yake alikuwa anaagiza injini ya mtu anayepita.

Alikata simu akiwa amemwambia atafikiria. Kisha akazibeba pistoni zile kwa rafiki yake wa siku nyingi, mkereza vyuma mwenye mashine ya kutanulia silinda mtaa wa pili. Huyo ni mtu mnene, mpole, asiyeweza kukaa na jambo bila kulitania.

Mkereza alishauri njia ya katikati. Aziweke kwenye mashine, avikate vile vilima, kompresheni ishuke. Kaka apate pistoni zake, dada apate usingizi.

Bi Nafasi aliigeuza pistoni moja, akaingiza kipimo ndani yake, akamwonyesha unene wa kichwa. Ukiondoa kilima, alisema, unabaki na ngozi. Moto wa naitrasi unataka kichwa kinene, chenye nyama ya kupokea joto na kulitawanya. Halafu ringi ya juu kwenye pistoni hizi imekaa karibu mno na ukingo. Palepale ndipo ile ya zamani ilipoanzia kuyeyuka.

"Basi tafuta za bapa, zenye kisahani kilichobonyea kati," alisema mkereza. "Lakini usishushe sana. Ukifika nane, bila gesi gari litakuwa zito kama shemeji aliyetoka kula."

"Sifiki nane. Nataka tisa na nusu."

"Kaka yako atasema umemjengea gari la kwenda sokoni."

"Na aseme. Akija kusemea hapa, nitafurahi."

Hakuamua siku hiyo. Ukweli ni kwamba hakuamua kwa majuma kadhaa, na hilo halikuwa kawaida yake. Pistoni zenye vilima zilikaa mezani zimefunikwa kitambaa. Kila akipita aliinua kitambaa, akatazama, akafunika.

Anakiri kwamba moyo haukuwa upande mmoja. Zile za kaka zilikuwa na uwezekano wa kushinda. Alijua jinsi Kisulisuli anavyotoka ndani ya gari akishinda: anakaa kwanza, mikono kwenye usukani, kama anasikiliza kitu kinachopoa. Angetoa chochote kumwona tena hivyo, hata mara moja. Lakini mara hiyo moja ikipita, chini ya turubai patarudi injini iliyotoboka, na kaka ambaye hana sababu ya kuuliza habari za gari.

Mama yake ndiye aliyemsukuma, bila kukusudia. Walikuwa wanakula mchana.

"Hiyo injini unamjengea yeye," aliuliza mama, "au unajijengea wewe?"

Bi Nafasi alimaliza kula, akaosha sahani, akaenda kwa muuza vipuri.

Muuza vipuri alizipata baada ya kupiga simu nyingi: pistoni za kufuliwa zilizotengenezwa kwa injini ya aina ileile, toleo lenye tabo, feni ya kusukumia hewa ya ziada ndani ya injini. Injini yenye tabo nayo hubanwa na moto mkubwa, kwa hiyo pistoni zake zina kichwa kinene chenye kisahani katikati, na ringi ya juu imeshushwa mbali na ukingo. Zilikuwa pana kidogo kuliko silinda za gari la bluu. Mkereza akazitanua silinda zilingane, na safari hii hakutania. Alifuta bloku, lile bonge la injini lenye silinda, kwa kitambaa safi akalisindikiza mwenyewe mpaka karakana.

Hiyo ndiyo sababu ya mafuta mekundu asubuhi hii. Pistoni zimeshapatikana, sasa Bi Nafasi anataka kujua hasa kijichumba kina ukubwa gani, ili achague unene wa gasketi, bamba la kuziba kati ya hedi na bloku, utakaomfikisha kwenye tisa na nusu yake bila kubahatisha.

"Kaka anajua?" anaulizwa.

Anakifuta kidole kwenye ovaroli. "Nitamwambia leo."

Alimwambia. Kwa maelezo ya mama, simu hiyo ilikuwa fupi na ilikuwa ya baridi kuliko nchi anayokaa kijana wake. Kisulisuli alisema gari ni lake. Dada yake akajibu kwamba gari ni lake kweli, lakini mikono si yake. Kwa siku nyingi hakuna aliyempigia mwenzake.

Kazi iliendelea. Bi Nafasi alizipiga tupa ncha za ringi kwa mkono, kidogo kidogo, akiingiza kibamba cha kupimia kila baada ya msuguo. Kwenye injini ya naitrasi mwanya wa ringi lazima uwe mkubwa kuliko kawaida. Ringi ikipata moto hutanuka, na ncha zake zikigusana haina pa kwenda, inavunja ukingo wa pistoni. Aliweka plagi za baridi, zinazopoza ncha haraka. Akapanga cheche ichelewe kidogo gesi inapoingia.

Siku alipoiwasha, mama yake alikuja na kiti. Injini iligongagonga mwanzoni, kwa sababu pistoni za kufuliwa huachiwa nafasi kubwa na hucheza zikiwa baridi. Ilipopata joto ilitulia. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Ina sauti ya mtu aliyelala vizuri," alisema.

Juma moja kabla ya mashindano, Kisulisuli alipiga simu. Bandarini wenzake wawili walikuwa wameumia, likizo zote zimefutwa. Haji.

Bi Nafasi anasema alitegemea kulia na hakulia. Alimuuliza kama anakula vizuri. Kaka yake akasema anakula. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, injini imeishia kwenye ngapi.

"Tisa na nusu."

"Mmh."

"Unasema nini?"

"Sisemi kitu. Nani ataendesha?"

Madereva wawili walikuwa wameshaomba, na mmoja ana vikombe nyumbani. Mkereza alimshauri ampe huyo. Badala yake, asubuhi ya mashindano waliohudhuria walimwona Bi Nafasi mwenyewe akiingia kwenye gari, kofia ya kaka yake ikimlegea kichwani, ndani yake ametia kitambaa ili isizunguke.

Alikuwa ameendesha gari hilo mara nyingi, lakini kulisogeza tu: kulitoa uani, kulipeleka kwenye mstari, kumkabidhi mwenyewe. Hakuwahi kubonyeza kile kitufe. Miaka yote alikuwa mtu wa pembeni ya njia, anayesikiliza.

Raundi ya kwanza alishinda, na anasema ni kwa sababu mpinzani wake aliondoka vibaya. Aliachia klachi, akahesabu moyoni, akabonyeza. "Nilidhani kuna mtu amenisukuma mgongoni kwa viganja viwili. Nilitaka kugeuka nimwone nani. Halafu nikajikuta nimefika."

Raundi ya pili alishindwa, na alishindwa wazi. Gari lililompita lilikuwa na kompresheni kubwa na dereva mzoefu. Watu wawili watatu waliosimama jirani na mkereza walisema injini imejengwa kwa woga. Mkereza anasema aliwaacha waseme, kwa kuwa alikuwa anamtazama dereva. Bi Nafasi alikuwa amelisimamisha gari mwisho wa njia na hakutoka. Alikaa, mikono kwenye usukani.

Alipolirudisha nyumbani, kabla hata ya kula, alichomoa plagi. Hapo ndipo fundi wa naitrasi husoma kilichotokea ndani. Pistoni ikianza kuyeyuka, hutema chembe za rangi ya fedha zinazoganda kwenye ncha ya plagi, ndogo kama vumbi. Alizipeleka mlangoni penye mwanga, akazigeuza chini ya kioo cha kukuzia, moja baada ya nyingine. Zilikuwa kahawia hafifu, kavu, hazina chembe. Ya silinda ya tatu aliitazama kuliko zote.

Alikuwa ameiacha simu ikirekodi ndani ya gari siku nzima. Akakata kipande cha raundi ya pili, ile aliyoshindwa, kwa kuwa ndiyo iliyosikika vizuri, akamtumia kaka yake bila maneno.

Kisulisuli alipiga jioni ileile. Alisema ameisikiliza akiwa juu ya winchi, kisha akiwa kwenye basi, kisha chumbani. Alimuuliza habari za kuondoka, za gia ya pili, za mahali alipoibonyeza gesi. Akamwambia amechelewa kuibonyeza.

"Najua nilichelewa," alisema Bi Nafasi. "Niliogopa."

"Hata mimi nilikuwa naogopa. Nilikuwa sikwambii."

Halafu kaka yake akaomba jambo ambalo dada anasema bado linamrudia akiwa kazini, mikono ikiwa ndani ya injini ya mtu mwingine.

"Sasa hivi iko hapo?"

"Ipo uani."

"Iwashe. Usikanyage mafuta. Iache tu iungurume."

Aliwasha, akaiweka simu juu ya boneti. Mama akatoka na kiti chake. Walikaa hivyo, mama na binti upande huu, kijana upande ule, mpaka sindano ya joto ilipofika katikati na feni ikajiwasha yenyewe.

Pistoni zenye vilima zimerudi kwenye mifuko yake, kwa idhini ya mwenyewe. Muuza vipuri atazitafutia mtu mwenye injini inayozifaa. Likizo nyingine imeombwa, na wakubwa wa bandari wamesema wataangalia. Bi Nafasi hataki kuisemea. Ameshasikia "tutaangalia" nyingi.

Mwandishi anaporudi kwa mara ya mwisho, turubai limekunjwa na milango yote miwili ya gari iko wazi. Bi Nafasi amepiga magoti ndani, anafunga kiti cha pili mahali ambapo kwa miaka mingi hapakuwa na kiti. Kwenye gari la mashindano kiti cha abiria ni mzigo wa bure, na mkereza, aliyeegemea ukuta, amekwishamwambia hivyo.

"Uzito wake naujua," anasema Bi Nafasi, akikaza bolti ya mwisho. "Nimeshaupigia hesabu."

Anaujaribu mkanda, anauvuta kwa nguvu, unashika. Siku ya mazoezi, anaeleza, kabla ya mashindano yenyewe, waandaaji huruhusu watu wawili ndani ya gari.

"Akija, hapa ndipo atakapokaa," anasema. "Anasema ninachelewa kubonyeza. Basi aje akae hapa, aniambie, 'Sasa!'"